TG-7, GoPro, simu kwenye mfuko au kamera kubwa: ipi uende nayo kuvua?

Ikifika mwezi wa kumi hivi, kusi imeshalala na maji yameanza kusafika, ndo watu wanaanza kuniuliza swali lile lile, kaka nataka kamera ya kwenda nayo baharini kuvua, ninunue ipi? Na karibu wote wanakuja tayari na namba kichwani, megapikseli 20, megapikseli 27, video ya 4K au 5.3K, wanataka niwaambie namba gani ni kubwa kuliko zote. Mi nawaambia hizo namba ziweke pembeni kwanza, nijibu hili: wakati unapiga picha, samaki atakuwa wapi? Atakuwa mkononi mwako, atakuwa majini na wewe umezama naye, au atakuwa anaruka mita thelathini nyuma ya boti? Hizo ni kazi tatu tofauti kabisa na kiukweli sijaona kamera moja inayozifanya zote tatu vizuri, iwe ya laki tatu au ya milioni tano.

Mi navua kwa mshipi wikiendi, natokea Kigamboni, na msimu ukifika naenda Mafia. Ninazozilinganisha hapa ni aina nne: simu kwenye mfuko, kamera ndogo za vitendo kama GoPro na DJI, kamera za mfukoni zisizoingia maji kama Olympus TG, na kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha.

Aliyenifungua macho ni faulusi. Kama hujawahi kumuona akitoka majini, mgongo wake ni kijani cha kuingia kwenye bluu, ubavu ni dhahabu tupu yenye vidoa vya bluu, yaani unaona kama anawaka. Sasa huyu samaki rangi zake hazikai, akishaingia botini zinaanza kuhama palepale mbele ya macho yako, dakika chache tu amekuwa kijivu kama samaki wa mnadani Feri. Siku napata wa kwanza simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko uko kwenye begi, begi liko mbele chini ya makasia. Mikono ina ute na damu, nikajifuta kwenye fulana, nikafungua begi, mfuko umeshapata ukungu ndani kwa joto, nabonyeza kioo hakielewi kama ni kidole au ni tone la maji, mpaka nakuja kupiga samaki ameshapauka. Nahodha ananiangalia tu, akasema, "Mwanangu, yule uliyemuona ameshaondoka, unayempiga hapa ni mzoga wake." Toka siku ile kitu cha kwanza ninachokipima kwenye kamera ya kuvulia ni sekunde ngapi toka samaki anapanda mpaka picha inapigwa, kwa mkono mmoja, mkono wenyewe ukiwa mchafu.

Tuanze na simu basi, maana kila mtu anayo. Juu ya maji, mwanga wa alfajiri au jua likizama, simu nzuri ya miaka hii inatoa picha safi kuliko kamera nyingi ndogo za majini, hilo lazima lisemwe. Tatizo ni hiyo IP68 ambayo watu wanaisoma kama kibali cha kuoga nayo. IP68 maana yake kifaa kimepimwa kwa vumbi na kimepimwa kwa kuzamishwa kwenye maji matamu yaliyotulia, kina na muda anavisema mtengenezaji mwenyewe. Ndo maana iPhone nyingi kuanzia 12 zimeandikwa mita 6 kwa dakika 30 na Samsung Galaxy S zimeandikwa mita 1.5 kwa dakika 30, ilhali zote ni IP68. Maji ya chumvi hayamo kwenye hicho kipimo, wimbi la kukupiga halimo, na waranti ya kawaida haihesabu simu iliyoingia maji. Halafu mipira na gundi ya ndani inazeeka, simu iliyowahi kuanguka au kufunguliwa na fundi kubadilishwa kioo usiihesabu tena kama IP68.

Kwa hiyo simu baharini ni lazima mfuko, na mfuko ukinunua ujaribu kwanza nyumbani, weka karatasi ya chooni ndani, zamisha kwenye ndoo na jiwe juu nusu saa, ukitoa karatasi ina unyevu huo mfuko ni wa kubebea karanga. Ukipita, acha hewa kidogo ndani ili ukidondoka uelee. Chini ya maji kioo cha kugusa hakifanyi kazi vizuri, utatumia kitufe cha sauti kupigia picha. Kitu kingine ambacho watu hawakipigii hesabu, simu ndo M-Pesa yako, ndo namba zako zote, ndo ya kumpigia mtu pwani mashine ikizima. Kuitumbukiza baharini kwa ajili ya picha ya changu mi naona ni hasara isiyo na sababu. Kwa mtu anayevua sato bwawani au anakaa kwenye mwamba anatupa ndoano, simu inatosha kabisa, asinunue kitu kingine.

Sasa kamera za vitendo. Hapa nalinganisha GoPro HERO13 Black na DJI Osmo Action 5 Pro, zote zilitoka mwezi wa 9 mwaka 2024. GoPro ilitangazwa kwa dola 399 na DJI kwa dola 349, ukiiletea huku ongeza usafiri na kodi. GoPro inaingia mita 10 bila kava, DJI mita 20 bila kava. Kwa mvuvi wa mshipi tofauti hiyo haina maana, hata mita 10 huifikii, ila kwa anayezamia na bunduki ya samaki au pweza ina maana kubwa, maana kila mita 10 unazoshuka unaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Mtu anayeshuka mita 12 na GoPro bila kava anacheza kamari, na kuna kava la kuifikisha mita 60, kwa hiyo kama unazamia na umependa GoPro bajeti yako ianze na kava. DJI ina memori ya ndani kama GB 47 za kutumia, kitu ambacho nilikidharau mpaka siku mwenzetu alisahau kadi mezani na tuko tayari maili sita nje.

Uzuri wa hizi kamera ni kwamba mikono inabaki huru. Unaifunga kifuani au kwenye kofia, unapambana na samaki, yenyewe inarekodi. Na kuna kitu kwenye GoPro wanakiita HindSight ambacho kwa uvuvi ni dawa, unaiwasha inakaa inasubiri, ukibonyeza inakupa na sekunde 15 au 30 zilizopita kabla hujabonyeza. Yaani rili imelia, umeshtuka, umeshika fimbo, ndo unakumbuka kubonyeza, na ule mlio wa kwanza wa rili unao. DJI nao wanayo ya namna hiyo. Ukiwa na video ya 4K au 5.3K unaweza kutoa picha moja ndani yake na ikatosha kuprinti ya ukutani ya saizi ya kawaida.

Ubaya wake sasa. Hazina zumu ya kweli. Lenzi yake ni pana sana, kitu kikiwa mbali kinakuwa kidogo mno. Sulisuli akiruka nyuma ya boti wewe ulimuona mkubwa kama mlango, kwenye GoPro ni kijiti cheusi kwenye maji mengi. Na akiwa karibu mno, sentimita kumi au kumi na tano, anatoka na ukungu kwa sababu lenzi imewekwa kuona kuanzia mbali kidogo. Zinapata joto pia, ukiiacha juani imesimama kwenye boti isiyotembea inarekodi 5.3K inaweza kujizima yenyewe, iache kivulini na rekodi 4K tu. Na zinazama kama risasi ya mshipi. Bila boya la nyuma, lile la rangi ya chungwa, mi siitoi kwenye begi. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kikitoka mkononi umeshakiaga.

Aina ya tatu ndo ninayoipenda mi mwenyewe kwa hiyo mjue kabisa naegemea upande huo. Kamera za mfukoni zisizoingia maji. Mfalme wa hapo ni TG, ilikuwa Olympus TG-6 ya mwaka 2019 na sasa ni OM System TG-7 ya mwaka 2023, kampuni ilibadilisha jina ila kamera ni ukoo mmoja. Zote mbili megapikseli 12, na hapo ndo watu wengi wanazikimbia, wanaona 12 ni chache wakati simu yake ina 50 au 108. Ndugu zangu, picha ya megapikseli 12 unaiprinti A3 na inakubali. Kilichokuuma wewe kwenye picha za majini ni mwanga, na lenzi ya TG inafunguka mpaka f/2.0, inaingiza mwanga mwingi kuliko wenzake wengi wa aina hiyo. Mita 15 bila kava, kava lipo la mita 45. Ikianguka toka mita 2.1 inavumilia, ukiikalia inavumilia kilo 100. Zumu ni ya kweli mara nne, milimita 25 mpaka 100, na milimita zikiwa nyingi ndo kitu cha mbali kinavutwa karibu zaidi.

Kinachonifanya niishike ni kile kipengele cha kupiga kitu kilicho sentimita moja mbele ya lenzi. Siku moja nimepata kolekole nikamuweka juu ya deli la barafu, nikasogeza kamera mpaka karibu iguse jicho lake. Kwenye kioo pakaonekana duara jeusi la katikati, pembeni pete ya dhahabu yenye vumbi vumbi vya shaba, na juu yake boti yetu nzima imejichora ndani ya jicho, turubai, fimbo mbili zimesimama, na mimi nimeinama. Hiyo picha simu yangu haiwezi, GoPro ya kawaida haiwezi, na kamera kubwa ingehitaji lenzi maalum ya bei ya pikipiki. Kwa anayependa magamba, meno ya mzia, kaa wadogo kwenye mwani maji yakitoka siku za bamvua, hakuna cha kulinganisha na TG kwa hela hiyo. Na yenyewe ina ile ya kurudi nyuma, inaitwa Pro Capture, inahifadhi picha za nusu sekunde kabla kidole hakijamaliza kubonyeza. Nusu sekunde ni ndogo, ila kwa samaki anayepiga mkia ni kubwa.

Kasoro zake ni hizi. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, alfajiri kabla jua halijatoka picha zinakuwa na chengachenga, hapo hata Action 5 Pro inaishinda kwa sababu sensa ya DJI ni kubwa zaidi. Betri mtengenezaji anasema picha kama 330, ukiwasha GPS na kupiga video sahau hiyo namba, chukua betri mbili. TG-6 inachajiwa kwa waya wa zamani wa maikro, TG-7 ni USB-C, na kama unatumia powa benki moja na simu hiyo peke yake inaweza kukufanya uongeze hela uchukue TG-7, maana picha zenyewe hazipishani sana. TG-7 ilitoka kwa dola kama 550. Ukipata TG-6 safi ya mtumba kwa nusu ya hapo chukua bila kuumiza kichwa, ila soma habari ya mpira wa kuziba mlango huko chini kwanza.

Wenzake TG wapo. Ricoh WG-6 ya 2019 ina megapikseli 20, mita 20, zumu mara tano, na taa sita ndogo zinazoizunguka lenzi kwa ajili ya vitu vya karibu, ila picha zake maji yakiwa na giza mi naona ziko nyuma ya TG. Nikon Coolpix W300 ya 2017 inashuka mita 30 bila kava, na Panasonic FT7 ya 2018 mita 31 na ina kitundu cha kuchungulia, kitu kizuri jua likiwa kali. Fujifilm XP140 mita 25, picha za kawaida tu, na 4K yake ni fremu 15 kwa sekunde, inakatakata, usiinunue kwa video. Nyingi ya hizi utazipata mtumba tu, na umri ndo adui wa kamera ya majini.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndo mahali kamera nyingi zinakufa na watu wanalaumu kiwanda.

Kamera yoyote inayoingia majini ina mlango wa betri na kadi, na mlango huo una mpira mwembamba wa kuziba, mafundi wanauita oringi. Kila kitu mtengenezaji alichokuahidi, mita 10, mita 15, mita 30, kinasimama juu ya huo mpira. Kamera yangu ya kwanza ya aina hii niliiua mwenyewe pale Kilindoni, Mafia. Betri iliisha, tuko kwenye boti, nikafungua mlango mikono ikiwa na maji, nikabadilisha haraka maana papa potwe alikuwa amejitokeza, nikafunga mpaka ikalia tik, nikaruka nayo. Mara ya kwanza poa. Mara ya pili nikaona kiukungu kidogo ndani ya kioo cha lenzi, kwenye kona, kama mtu amehema. Dakika kumi baadae ikawasha taa zote ikazima na haijawaka tena. Nyumbani nikafungua nikakuta gamba moja la samaki, dogo kuliko kucha ya mtoto mchanga, limelala juu ya mpira. Gamba moja tu. Na kule kuruka nayo kuliongeza, maana mita zilizoandikwa ni za maji yaliyotulia, ukiruka toka ubavu wa boti kamera inapata kipigo cha mgandamizo kwa ghafla.

Toka hapo sifungui mlango botini, mwisho. Betri mpya na kadi tupu naweka usiku nyumbani, juu ya meza kavu, nawasha tochi, naangalia mpira mzunguko mzima, napitisha kitambaa kisichoacha nyuzi. Uzi mmoja, unywele mmoja, punje moja ya mchanga inatosha. Nikirudi, kabla sijafungua chochote, naiweka kwenye beseni la maji matamu nusu saa na kitu, nabonyeza vitufe vyote ndani ya maji ili chumvi itoke, halafu naikausha kivulini. Chumvi ikikauka inakuwa vijiwe vidogo, ukifungua mlango vijiwe vinaingia kwenye mpira, mara nyingine ukizama navyo vimeshachora njia ya maji. Watengenezaji wa hizi kamera wanapendekeza mipira ibadilishwe kila mwaka. Kwa hiyo unaponunua mtumba, muulize muuzaji mipira ilibadilishwa lini, akikuangalia kama umemuuliza kitu cha ajabu basi ihesabu kama kamera ya nchi kavu na bei yake iwe ya nchi kavu.

Na zile za bei chee zilizojaa maduka ya Kariakoo, zimeandikwa 4K na mita 30 kwenye boksi? Nilinunua moja dukani, kamera yenyewe haizuii hata tone, kinachozuia ni lile kava la plastiki, ukishaivua kavani ni kamera ya kawaida kabisa. 4K yake ilikuwa picha ndogo iliyovutwa kuwa kubwa, maji yanaonekana kama rangi iliyomwagika. Sisemi usinunue kabisa, kwa mtoto au kwa mtu anayetaka kujaribu tu kama atapenda, sawa. Ila hela ya hizo mbili zikiharibika ni nusu ya safari ya kwenda kwenye mtumba mzuri.

Aina ya nne, kamera kubwa. Hii ni ya samaki anayeruka. Wavuvi wa Watamu na Malindi kule Kenya wanaokamata sulisuli, wengi wanamvisha alama na kumwachia, na shirika la African Billfish Foundation pale Watamu wanakusanya taarifa za hizo alama, kwa hiyo ile picha ndo kitu pekee mgeni anachorudi nacho nyumbani. Sulisuli akiruka ana sekunde mbili hewani, mita ishirini au thelathini toka kwenye boti. Hapo unahitaji lenzi ya kufika milimita 200 mpaka 300, kasi ya shata 1/2000 ya sekunde, fokasi inayofuatilia, na kidole kimeshikilia. GoPro haiwezi, TG na milimita 100 zake inaweza nusu nusu, simu ya zumu ndefu inaweza ukibahatika. Ila kamera kubwa za kawaida si za kuzamisha majini. Ikiandikwa imezibwa dhidi ya hali ya hewa maana yake mvua na rasharasha. Hata OM-1 ya 2022 ambayo ina alama ya IP53, hiyo 3 ni maji ya kunyunyiza, sio ya kuzama. Mi naifunika mfuko wa plastiki, lenzi inatoka kwenye tundu lililokazwa kwa mpira wa kufungia nywele, na inakaa kwenye boksi gumu lenye pakiti za kunyonya unyevu mpaka nahodha aseme. Kwenye ngalawa usithubutu. Kwenye boti ya faiba yenye chumba, sawa.

Chini ya maji kuna habari ya rangi ambayo inabadilisha uchaguzi. Nyekundu ndo rangi ya kwanza kumezwa na maji, ukifika mita tano hivi imeshapungua sana, na ukizidi kushuka damu ya samaki inaonekana kijani cha giza. Watu wanadhani kamera mbovu. Dawa ni kusogea, sio zumu, maana kila mita ya maji kati yako na samaki inakula rangi na inaongeza ukungu. Ndo maana kwa papa potwe wa Mafia kamera pana ya vitendo inashinda TG. Yule mnyama ana mita nyingi, maji ya msimu wake yana vijidudu vingi anavyovila ndo maana yuko pale, kwa hiyo hayako safi, unataka lenzi pana inayomchukua mzima ukiwa karibu kiasi unachoruhusiwa. Flashi usiwashe, kwanza inamsumbua, pili mwanga unagonga vile vijidudu na picha inajaa vidoa vyeupe kama umerusha unga wa sembe. Na ukipata nafasi piga ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, mpangilio wa madoa pale ni kama alama ya kidole, watafiti wanautumia kumtambua mmoja mmoja.

Jambo dogo ila linakera: miwani ile ya jua ya kuondoa mng'ao, ambayo kwa kutafuta samaki juu ya mwamba ni lazima, inaweza kufanya kioo cha kamera kiwe cheusi ukikigeuza wima. Kabla hujanunua vaa miwani yako dukani ugeuze kamera pande zote.

Memori kadi usibane. Video ya 4K ya kiwango cha kawaida cha megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa, kadi ya GB 32 inajaa kabla ya dakika 45. Chukua GB 128 yenye alama V30, hiyo ni alama ya kasi ya kuandika, na nunua sehemu unayoiamini maana feki ni nyingi.

Sasa nikijibu moja kwa moja. Unavua ziwani au kwenye mwamba na unataka kumtumia shemeji picha jioni, baki na simu yako, nunua mfuko mzuri. Unavua kwa boti, unataka video ya mapambano na mara moja moja unaruka majini, chukua Action 5 Pro, na nasema hivyo japo GoPro ina vifaa vingi zaidi vya kufungia, kwa sababu mita 20 bila kava na memori ya ndani vinakuokoa siku mbaya. Kama HERO12 au 13 umeipata kwa bei nzuri usijutie hata kidogo. Unavua, unachokonoa miamba maji yakitoka, unapenda samaki kwa ukaribu na unataka picha ya kutundika, TG-6 au TG-7, hapo sibishani na mtu. Unakwenda Watamu, Malindi au Shimoni kwa ajili ya sulisuli na hela ipo, kamera kubwa botini na ya vitendo kwenye mti wa mita moja na nusu, ile ya pili unaizamisha ubavuni mwa boti wakati samaki anaachiwa. Akiinama kuondoka anafungua lile tanga lake la mgongoni, mistari ya bluu inamwaka ubavu mzima, halafu anashuka. Hiyo inachukua sekunde tatu, kwa hiyo kamera iwe imeshawashwa kabla hujakata mshipi.

Na mwenye hela ya moja tu ambaye hajui bado atakuwa mvuvi wa aina gani, anunue TG-6 ya mtumba, abadilishe mipira kabla ya kuitia maji, afunge boya, halafu avue nayo msimu mzima wa kaskazi.